Kibano cha Ziada

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, Spana alikwenda gereji kwa shangazi yake. Alibandikwa jina hilo siku alipoifungua baiskeli ya binamu yake vipande vipande, akairudisha bila nati hata moja kubaki. Pale gerejini mtaa mzima ulipita: kinyozi, mshonaji, muuza magazeti, kila mmoja na umbea wake mdomoni.

Jumamosi hiyo palikuwa na gari la mkunga. Mpira wa mafuta ya giaboksi ulikuwa umechakaa, na mlimani kulikuwa na mama aliyekaribia kujifungua.

"Leo utaufunga wewe," shangazi alimwambia Spana. "Usukume kwenye kile kibomba cha chuma chenye meno mpaka uguse pete ya njano. Basi. Usiongeze kitu." Akaenda kupokea mteja.

Spana akasukuma mpaka kwenye pete. Lakini roho haikutulia. Mpira bila kibano? Akachukua kibano cha chuma, akakikaza kwa bisibisi mpaka kiganja kikauma.

Shangazi aliporudi, injini ikawashwa. Halikudondoka hata tone.

"Shangazi, huyu atakufukuza kazi!" kinyozi akapiga makofi.

"Anifukuze, nikalale!"

Mshonaji akauliza, "Lakini mpira bila kibano si utachomoka?"

"Aina hii hujishika yenyewe," shangazi akajibu. "Ukiubana, yale meno yanaukata kwa ndani. Hapa gereji hutaona kitu. Ukifika mlimani, mafuta yote yako barabarani."

Spana akageuka. Gari lilikwishaanza kurudi nyuma. Sifa zote zile! Wangemcheka mpaka azeeke. Akatimua mbio, akasimama mbele ya geti na mikono juu.

"Mama mkunga, simama! Nimeongeza kibano!"

Shangazi akaingia chini ya gari, akaukata ule mpira, akaupasua. Ndani ulikuwa umechanika mahali pawili.

Mkunga akatazama saa. "Nina saa moja tu."

"Nusu yake inanitosha," Spana akasema.

Binamu yake akamletea mpira mwingine. "Huu hapa, tundu ni lile lile."

Spana akasoma maandishi ubavuni mwake. "Wa maji huo. Mafuta ya moto yataulainisha kama uji." Akachagua wenye maandishi ya mafuta, akaulinganisha na kile chuma, akaukata ncha sawasawa, si mshazari. Akaupaka mafuta kidogo ndani, akasukuma kwa nguvu zake zote mpaka pete. Kibano akakitia mfukoni.

"Haya, uvute," shangazi akamwamuru binamu.

Binamu akavuta, akaegemeza mguu kwenye bampa, akavuta tena. Mpira haukusogea, aliyeng'oka ni yeye, akakaa chini puu! Gereji nzima ikaangua kicheko.

Mchana simu ikalia. Mkunga alikuwa amefika, mafuta hayajavuja hata tone, na mtoto wa kike amezaliwa salama. Vifijo vikasikika hadi mtaa wa pili.

Shangazi akamshika Spana bega mbele ya watu wote. "Kukosea, umekosea. Nilikuambia usiongeze kitu, ukajifanya unajua. Lakini umesema kabla gari halijatoka getini. Fundi akilificha kosa lake, anayeumia ni aliye barabarani. Fuata maelekezo, mwanangu. Na ukikosea, sema upesi, hata kama umeshapigiwa makofi."