Nyuki Chini ya Tela

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, kazi yangu ni kuchuja asali. Nafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa ndoo, namimina masega yaliyopondwa, kisha nakaa kusubiri. Ukiikamua kwa haraka inatoka na uchafu, na baba ataujua uchafu huo hata kabla hajaonja. Kaka zangu walishindwa kazi hii kwa sababu hawana subira. Mimi pia sina, ila nimezoeshwa.

Naitwa Loyce, nasoma darasa la sita hapa Mungaa. Baba yangu, Nathan, ni mfugaji nyuki. Mizinga yake haiko nyumbani. Iko mbali, ndani ya msitu wa upande wa Itigi, kwa hiyo kila mwaka wakati wa kurina asali tunahamia huko wiki mbili, tunaishi kambini. Wenzangu darasani wakisikia neno kambi wanafikiri ni raha tupu. Waende wao basi. Kambi yetu ni turubai lililofungwa kwenye miti minne, na siafu huingia wanapotaka.

Siafu ningewavumilia. Tatizo lilikuwa mgongo wa baba. Miaka miwili iliyopita alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga, na tangu hapo mgongo wake haukubali kulala chini. Msimu uliopita alikaa ameegemea gunia siku zote tulizokuwa kule, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Tuliporudi nilimsikia akimwambia mama, "Severina, mwakani nikikosa pa kulala kule, naiuza mizinga yote."

Maneno hayo yaliniuma sana. Mzinga mmoja kati ya ile ni wangu. Baba alinipa nilipofaulu mtihani wa darasa la nne, na jina langu limechongwa ubavuni mwake.

Ndipo tukasikia habari za tela. Mzee mmoja wa Utemini, Singida mjini, anaitwa mzee Philipo, alikuwa anauza tela la kambi ambalo zamani lilibeba watalii. Mjomba Kefa, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na ana pikapu, alituonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa tela la magurudumu mawili makubwa, lililotengenezwa kwa ajili ya njia za mawe na mchanga. Juu lina hema linalofunguka, ndani lina godoro nene, na ubavuni kuna jiko la kuvuta kama droo. Baba aliitazama ile picha ya godoro muda mrefu kuliko picha nyingine.

"Ni la mkono wa pili," mjomba Kefa akasema. "Usitoe hata shilingi kabla sijaingia chini yake."

Kama mambo yangekwenda hivyo, nisingekuwa na cha kusimulia. Tulikwenda mara ya kwanza na mjomba, tukamkosa mzee Philipo. Alikuwa amesafiri kwenda Manyoni na ufunguo mfukoni. Tulikwenda mara ya pili, tukamkuta, lakini akasema tela limepakwa rangi jana, tusiliguse mpaka likauke. Tukarudi nyumbani. Mafuta ya pikapu yalikuwa yameisha bure mara mbili, na mama alianza kuliita tela hilo "hadithi yenu."

Mara ya tatu mjomba Kefa alipata msiba kwa wakwe zake. Baba akaona akingoja tena, likizo ya Juni itafika na msimu utaanza. Mjomba akampigia simu, akamsisitizia asiache hili wala lile bila kukaguliwa, kisha akaomba kuzungumza na mimi.

"Baba yako hawezi kuinama," akaniambia. "Wewe utaingia chini. Beba msumari mrefu. Kila chuma kinapoungana na kingine, kwaruza. Chuma kizima kitakwaruzika tu. Msumari ukizama, hapo pana tatizo, piga kelele. Sehemu ziko saba, ya mwisho ni pale mkono wa kuvutia unaposhikana na fremu. Hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

Tukapanda basi, tukafika Utemini jua likiwa kali. Mzee Philipo alitupokea vizuri. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akaniletea soda. Ni mzee wa kanisa, ana mvi na sauti ya taratibu, na ukimsikiliza unaona haya kumuuliza maswali mengi. Tela lilikuwa uani, jeusi, linang'aa.

Nilijipenyeza chini yake nikiwa na gauni langu jipya, jambo ambalo mama alikuwa amenikataza. Nikakwaruza sehemu ya kwanza, krrr. Ya pili, krrr. Springi zote mbili zilikuwa nzima, ekseli ilikuwa nzima. Vumbi likaniingia puani, jasho likaniingia machoni, nikaendelea mpaka ya sita.

Nilipofika sehemu ya saba nilimwona nyuki. Alikuwa anatembea polepole juu ya rangi nyeusi, pale mkono wa kuvutia unaposhikana na fremu. Mwenzake akaja, akatua kando yake. Nikajiuliza wanatafuta nini kwenye chuma. Nikasogeza pua, na chini ya harufu ya rangi nikasikia harufu ninayoijua tangu utoto, harufu ya nta. Nikaweka msumari na kuusukuma. Ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa.

Mtu alikuwa ameziba ufa kwa nta, akapaka rangi juu yake. Mtoto mwingine angeweza kupita bila kujua. Mimi nilijua palepale.

"Vipi huko, Loyce?" Sauti ya baba ilitoka juu yangu. Nilichungulia nje. Mlango wa tela ulikuwa wazi, na baba alikuwa amejinyoosha juu ya godoro, viatu vikining'inia nje. Kwa miaka miwili sikuwahi kumwona amelala chali. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa, hana maumivu.

Nikafikiria safari ya nne. Nikafikiria turubai, gunia, na mzinga wangu ukipakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, nimechafuka. Nikajiambia labda ufa ni mdogo.

"Kuko sawa, baba," nikasema.

Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa kuandikishana. Mwenyekiti, mama mmoja anayeitwa Rebeka, hakuwepo, tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri hadi soda ikaisha tumboni. Baba alikuwa na furaha, anamweleza mzee Philipo jinsi atakavyopanga ndoo za asali nyuma ya tela. Kila alichosema kilinikera. Mzee Philipo alinikera kwa upole wake, mjomba Kefa alinikera kwa kwenda msibani, na nzi waliokuwa dirishani walinikera pia. Ilinichukua muda kukubali kwamba hasira yote ile ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe.

Mama mwenyekiti alipofika aliketi, akavaa miwani, akatoa karatasi. Aliandika jina la muuzaji, jina la mnunuzi na maelezo ya tela. Kisha akainua kalamu.

"Nani amelikagua?"

Baba alinishika bega. "Huyu binti yangu. Ameingia chini mwenyewe, tazama gauni lake lilivyo. Andika, mama, limekaguliwa na Loyce Nathan."

Mwenyekiti akatabasamu, akaanza kuandika. Niliiona herufi L ikitokea, halafu O. Hilo jina nilikuwa nimelizoea likiwa limechongwa kwenye mzinga wangu.

"Naomba usiandike," nikasema.

Wote wakanigeukia. Kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, na zaidi sana hamuumbui mzee mbele ya watu. Sikujua nianzie wapi bila kumvunjia mzee Philipo heshima. Kwa hiyo nilianza na kosa langu.

"Baba, nilikudanganya. Sehemu ya saba si nzima. Msumari ulizama. Kuna nta, na nyuki wanaifuata."

Baba alisimama, akaelekea uani kwa mzee Philipo, sisi tukimfuata, mwenyekiti akiwa na karatasi yake mkononi. Hatukuhitaji kuingia chini kutafuta. Nyuki walikuwa wameongezeka, kama kumi hivi, wanazunguka mahali palepale. Jua lilikuwa limeilainisha nta na rangi imeanza kupasuka. Baba alijishikilia kwenye tairi, akapiga magoti taratibu huku akiuma meno, akaikwangua nta yote kwa msumari wangu. Ufa ulikuwa mrefu kama kiganja changu.

Mzee Philipo alivua kofia. "Nathan, nilimpa fundi hela achomelee. Akaniambia ameshamaliza. Mimi niliona rangi tu."

Sijui kama alisema kweli yote. Lakini baba hakumgombeza.

"Basi wote wawili tuliambiwa kuko sawa, mzee wangu," baba akasema, "na wote wawili tukaamini."

Mwenyekiti akaichana karatasi vipande viwili. "Mkitengeneza, mtarudi," akasema. "Karatasi zipo."

Tulirudi Mungaa bila tela. Ndani ya basi baba alikaa upande upande kwa sababu ya mgongo, na hakuniambia neno hata moja mpaka tunashuka. Afadhali angenipigia kelele. Nyumbani mama aliliona gauni, akafungua kinywa, kisha akamtazama baba usoni na kukifunga. Usiku huo nilijua mizinga itauzwa, na kwamba mimi ndiye niliyesema maneno yaliyoiuza.

Wiki iliyofuata mzee Philipo alipiga simu mwenyewe. Alimwomba mjomba Kefa aje alichomelee tela, gharama zote zake. Mjomba alikata kile chuma chenye ufa, akaweka kipya kinene zaidi, akachomelea pande zote. Halafu, kwa kuwa yeye haamini hata kazi yake mwenyewe, tulijaza tela magunia ya mchanga, tukalivuta kwa pikapu hadi Unyambwa kwa njia mbovu na kurudi. Niliingia chini tena. Sehemu zote saba zilisema krrr, nami nikairudia ya saba mara tatu. Mzee Philipo alikuwa amesimama pembeni, ameshika kofia.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "vipi huko?"

"Sasa kuko sawa, babu," nikajibu. Akashusha pumzi kama aliyekuwa amebeba gunia. Ndipo tukaenda kuandikishana, na mama Rebeka akalimaliza jina langu.

Mwezi wa sita tukaenda msituni. Karibu na kambi kuna korongo lenye mawe, na njia inashuka kwa ghafla kabla ya kupanda tena. Pikapu ilishuka, tela likafuata, likaruka juu ya jiwe na kutua kwa kishindo. Ule mkono wa kuvutia ulilia, lakini haukukatika. Mjomba Kefa alisimamisha gari ng'ambo, akazima injini. Tulishuka, tukageuka kulitazama lile korongo. Baba na mimi tulikuwa tumekaa nyuma ya pikapu, na kama tela lingekatika pale, lingerudi chini na ndoo zote, au lingetubamiza.

Hapo ndipo baba alipolizungumzia jambo lile kwa mara ya kwanza.

"Loyce, siku ile pale Utemini nilikuwa nimelala kwenye godoro, na macho yangu nilikuwa nimekuazima wewe. Uliposema kuko sawa, uliniacha kipofu, na mimi sikujua."

Nilitazama chini. "Nilitaka upate pa kulala, baba. Sikutaka uuze mizinga."

"Najua. Ndiyo maana sikukuchapa." Alikohoa, akaendelea kwa sauti ya chini. "Ukitumwa kuangalia kitu, umewabeba watu wote wanaokisubiri. Waambie ulichokiona, hata kama wenyewe wanataka kusikia kingine. Nikikasirika, hasira itaisha. Lakini ulisema kabla hatujasaini, mbele ya watu wazima, na ukaanza na kosa lako wewe. Ndiyo maana jina lako lipo kwenye ile karatasi."

Mjomba Kefa alijifanya anaangalia tairi.

Siku ya kurudi nyumbani ndoo zilijaa. Baba alikuwa amelala vizuri wiki mbili mfululizo, hata akaanza kutuimbia asubuhi, na sauti yake si nzuri. Kila mtu alikuwa na haraka ya kuondoka kabla jua halijawa kali. Mjomba alikuwa ameshawasha pikapu, na mimi mwenyewe nilikuwa na hamu ya chai ya mama. Nikachukua msumari, nikaingia chini ya tela.

"Vipi huko, Loyce?" baba akaita.

"Bado sijamaliza, baba."

Nikasikia akimwambia mjomba azime gari, na wote wawili wakakaa kunisubiri.