Wegesa Ahama Chuo

Kila asubuhi, kengele ya chuo cha ualimu ilipolia, Wegesa Ryoba alikuwa ameshaamka zamani. Alifagia mbele ya bweni, akanywa uji wake akiwa amesimama, kisha akaingia darasani na kuketi karibu na dirisha. Wenzake walimsikiliza mkufunzi. Yeye alitikisa mguu chini ya meza, akachora mabomba na matangi pembeni mwa daftari, akatazama nje, akatazama saa, akatazama nje tena.

Hakuwa hivyo alipoanza chuo pale Tarime. Mambo yalibadilika alipopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huko Issenye. Pampu ya kisima cha shule iliharibika, watoto wakawa wanakosa vipindi kwa kufuata maji mbali. Akaja mhandisi wa maji, dada mchangamfu aitwaye Lilian. Aliifungua pampu kipande kwa kipande, huku Wegesa akimshikia spana na kumuuliza maswali bila kuchoka. Maji yaliporuka, watoto walishangilia. Lilian alijifuta grisi mikononi, akasema, "Mdogo wangu, mbona hukusoma uhandisi?"

Swali hilo halikumtoka kichwani. Alipiga simu chuo cha ufundi Musoma, akaambiwa nafasi ya kuomba ipo. Ila masomo hayakufanana, kwa hiyo angeanzia mwaka wa kwanza, na ilimpasa aage vizuri kule alikotoka, mzazi wake akijua.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Baba yake, Mzee Ryoba, alikuwa mkulima wa Susuni. Siku Wegesa alipopata nafasi ya ualimu, mzee alichinja mbuzi na kuita majirani. Tangu hapo watu walimwita Baba Mwalimu, na jina hilo lilimfanya atembee kifua mbele.

"Nitamwambia Jumapili," Wegesa alijiambia kila wiki. Jumapili ikifika, baba yake alipiga simu.

"Mwalimu wangu, masomo yanaendaje?"

"Vizuri tu, tata," alijibu, akakata simu.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alifunga begi, akapanda basi la Mugumu bila kumuaga mtu, akaenda kwa rafiki yake wa tangu sekondari, Zaitun, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitenge sokoni. Aliwadanganya kwamba chuo kimefunga.

Lakini Mugumu nako hakutulia. Alifungua kitabu cha hesabu, akakifunga. Alienda mpaka bwawa la Manchira kuona maji yanavyosafirishwa kuja mjini, na kabla hajapumzika akataka kurudi. Usiku aligeukageuka kitandani. Ualimu alikuwa ameukimbia, uhandisi alikuwa hajauanza, na kila siku iliyopita ilimwongezea uongo wa kusema.

Chuo kilimpigia, hakupokea. Kisha likatokea jina la baba yake. Wegesa aliishika simu mkononi mpaka ikaacha kuita, halafu akaizima.

Siku ya pili yake, Zaitun alikuwa amempelekea shangazi yake chakula hospitalini. Alirudi akihema.

"Wegesa, kuna mzee anapita wodi moja hadi nyingine na simu mkononi. Anawaonyesha wauguzi picha, anauliza kama msichana huyu aliletwa baada ya ajali yoyote. Ni picha yako ya mahafali ya sekondari. Kwa nini baba yako anakutafuta hospitali?"

Wegesa alitoka mbio, kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa.

Alimkuta baba yake ameketi kwenye benchi nje ya wodi, koti lake la kanisani likiwa na vumbi la safari.

"Shikamoo, tata."

Mzee Ryoba aliinua macho. Alimshika mkono, akaubonyeza kama anayehakikisha kwamba ni mkono wa mtu aliye hai. Ndipo machozi yakamtoka, mbele ya watu, na Wegesa hakuwahi kumwona baba yake akilia.

"Chuo wamenipigia, wamesema hawakuoni," alisema hatimaye. "Wenzako wakasema una rafiki Mugumu, ila nyumba hawaijui. Nimepita polisi, nikaja hapa. Sasa hivi nilikuwa najikaza kwenda kuuliza chumba cha maiti. Unajua ilivyo, mzazi kufikiria kumfunulia mwanawe shuka?"

Wegesa alipiga magoti palepale sakafuni. Alieleza yote: pampu ya Issenye, simu ya Musoma, uongo wa kila Jumapili, hata ile simu aliyoizima. Zaitun, aliyekuwa amemfuata, alisimama kando akisikia kwamba naye alidanganywa.

"Niliogopa utakataa, tata. Ulishachinja mbuzi."

"Nani alikwambia nitakataa?"

"Hakuna."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

Mzee alimwinua kutoka sakafuni. "Huenda ningekataa kwanza," alisema. "Ningefoka pia. Lakini ningekuwa namfokea mtu ninayejua alipo."

Kabla ya kuondoka Mugumu, Wegesa alimwomba radhi Zaitun na mama yake. Kesho yake baba na binti walifika Tarime, ofisini kwa mkuu wa chuo, Mwalimu Scholastica. Wegesa aliomba msamaha bila kutafuta visingizio.

"Kuhama chuo kunaruhusiwa," mwalimu alisema. "Kutoroka hakuruhusiwi. Utapewa adhabu ya usafi, na utamaliza muhula huu. Baada ya hapo nitakuruhusu. Lakini nikuulize, hesabu unaiweza?"

"Si sana, mwalimu."

"Basi anza leo. Hamu peke yake haitakufaulisha."

Wegesa alisafisha vyoo vya chuo mpaka adhabu ikaisha, na jioni alifanya hesabu za kidato cha nne upya. Aliomba nafasi, akapata, na mwaka mpya wa masomo ulipoanza akahamia Musoma. Aliketi mwaka wa kwanza na vijana waliomwita dada, wakati wenzake wa Tarime walikuwa wakikaribia kuhitimu.

Jaribio la kwanza la hesabu alifeli vibaya. Mguu ukaanza tena kutikisika chini ya meza. Akawaza Mugumu, akawaza kurudi ualimu, akawaza popote pasipokuwa pale. Begi alilishusha kutoka juu ya kabati. Alilitazama, kisha akachukua simu na kumpigia baba yake, ingawa haikuwa Jumapili.

"Tata, nimefeli hesabu. Na nimetaka kukimbia."

"Uko wapi sasa?"

"Bwenini."

"Vizuri. Kuna mwalimu wa kukusaidia?"

"Yupo, jioni."

"Nenda kwake. Kesho unipigie."

Alikwenda jioni ile, na jioni nyingine nyingi. Hesabu haikugeuka kuwa rahisi, lakini mtihani wa mwisho wa mwaka aliufaulu, na kwenye karakana akawa miongoni mwa wanaotegemewa kufungua pampu na kuirudisha ikafanya kazi.

Likizo ilipofika alirudi Susuni. Jirani mmoja alimtania Mzee Ryoba mbele ya wageni, "Sasa tukuiteje, na mwalimu ameshaacha ualimu?"

"Niiteni Ryoba, linatosha," mzee alijibu. Akawageukia binti yake na wadogo zake waliokuwa wakimenya mihogo karibu naye. "Sikilizeni nyote. Dada yenu hakukosea kubadili masomo. Mtu anaweza kugundua katikati ya safari kwamba anataka kwenda kwingine. Alikosea kunificha, na uongo wake ukampotezea muda ambao angekuwa anasoma. Mkitaka kubadili jambo, semeni mapema, hata kama mnaogopa. Kisha mlifanyie kazi hilo mlilolichagua, siku likiwa tamu na siku likiwa chungu."

"Ndiyo, tata," walijibu.

Wegesa alivuta sinia la mihogo karibu yake, akakaa chini pamoja nao, akaanza kumenya.