Sheria Iliyomtaja Kidoti

Kabla hakujapambazuka, komeo la mlango liligonga kidogo: ka! Alikuwa mama, mfuaji wa mashuka ya hospitali, akitoka polepole asimwamshe binti yake. Lakini binti alikuwa macho. Mezani aliachiwa chai kwenye chupa na mkate uliofunikwa kwa sahani, usipoe. Akanywa peke yake, akaenda shule peke yake. Hadi wiki mbili zilizopita alikuwa akimpitia rafiki yake, Kidoti.

Shuleni walimwita Spika, kwa kuwa aliongoza bunge la darasa la sita. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Kidoti, mwenye alama nyeusi shavuni. Siku kamusi ya darasa ilipokosekana, Kidoti alikuwa nyumbani na homa, na ndiye aliyeishika mwisho. "Basi ndiye mwizi!" mtu akasema. Wakapiga kura palepale: asisemeshwe na yeyote mpaka muhula uishe. Mikono ikapanda, na wa Spika pia. Akagonga meza: "Imepita!"

Kidoti aliporudi, kila alipofungua mdomo wenzake waligeukia dirishani. Siku ya tatu hakuja tena. Mwalimu alidhani homa imemrudia.

Jioni Spika alikwenda kumtilia uzi kwenye sindano Bibi Mchapaji, jirani yao aliyechapa sheria bungeni miaka ishirini na saba. Sasa aliishi peke yake na mashine yake ya chapa, kaifunika kitambaa safi.

"Mbona umenuna, mjukuu wangu? Au wabunge wako wamesinzia wote?"

Spika akacheka kidogo, kisha akalia, akasimulia yote.

"Nani alimsikiliza huyo mtoto?" Bibi aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Lakini tulikuwa wengi! Si bunge ndilo linalotunga sheria?"

"Ndilo. Ila halitungi kila linalotaka. Katiba ndiyo inayolipatia kazi, na ndiyo inayolichorea mpaka. Kuna mwaka wabunge walipitisha sheria ya kumfunga mtu mmoja, jina lake limo ndani ya sheria yenyewe. Nikaichapa kwa vidole hivi. Mahakama ikaifuta. Majaji wakasema, kutunga sheria za watu wote ni kazi yenu. Kumhukumu mtu si kazi yenu, hata mikono yote ipande. Na asihukumiwe kabla ya kusikilizwa." Bibi akatazama vidole vyake. "Yule mtu alikuwa ameshakaa ndani miezi minne, maskini. Je, ninyi mna katiba?"

"Ipo ukutani."

"Kaisome, mama."

Asubuhi Spika aliikuta katiba waliyoiandika wenyewe mwanzo wa mwaka, imefunikwa na ratiba ya zamu za usafi. Akaiinua ratiba, akasoma kwa sauti: "Bunge litatunga kanuni za usafi, foleni na vitabu. Halitamwadhibu mwanafunzi. Kosa litasikilizwa na mwalimu, mtuhumiwa mwenyewe akiwepo." Akawageukia wenzake. "Jamani, tulichopitisha si sheria. Na mimi ndiye niliyegonga meza."

"Na kamusi je? Imeota mabawa?" mmoja akadakia.

"Hata kama ameichukua yeye," Spika akasema.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Amesema kweli," alisema. "Wingi wenu unatosha kupanga zamu. Hautoshi kumfanya mtu mwizi. Kila mwenye madaraka ajue yanapoishia. Kanuni hiyo haipo tena. Nami nimekosa, watoto. Kiti kimekaa kitupu siku zote hizi, sikwenda kuuliza."

Baada ya masomo Spika alibisha hodi kwa Kidoti. Kidoti alimtazama, akaingia ndani, akarudi na kamusi. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene.

"Jalada lilikuwa limeng'oka," alisema. "Nilimpelekea fundi viatu alishone. Nilitaka kuwaambia, mkageukia dirishani."

"Nisamehe."

"Bado nimekasirika."

"Najua."

Wakasimama kizingitini, kila mmoja akiangalia viatu vyake. Spika akaaga. Alipofika njiani akasikia sauti nyuma yake.

"Wee Spika!"

Akageuka.

"Kesho asubuhi unipitie tena."