Unyayo Kwenye Sponji

Jioni ile nilipita karakana kumpelekea mume wangu funguo alizosahau. Yeye hutengeneza soli za kuwekwa ndani ya viatu, za wenye nyayo bapa na vifundo vinavyouma. Mteja hukanyaga kisanduku cha sponji laini, unyayo unabaki, na soli inachongwa kuufuata.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mwanamke. Amemshika kisigino, taratibu, utadhani kikombe cha chai ya moto.

"Huyo mke wangu," alimwambia bila hata kugeuka. "Namjua kwa hatua zake."

Mwanamke akanitazama miguuni. Akatazama weee.

"Una bahati, dada," akanong'ona. "Mimi kila hatua ni maumivu."

Nikaona wivu. Kisigino changu hajawahi kukishika hivyo, hata siku niliyoteguka! Na bado akamsindikiza hadi barabarani, bibie akichechemea kwa madaha. Nikabaki na kile kisanduku.

Unyayo wake ulikuwa mdogo, mzuri. Nikavua kandambili. Nitauvuruga, soli zimtese, asirudi tena kwa mume wangu.

Nikakanyaga.

Mguu wangu ulienea sawasawa. Kisigino, upinde, vidole vyote... Sponji ilikuwa na joto. Harufu ya udongo mbichi ikanijia puani. Halafu kitu kikanisukuma kutoka chini.

Unyayo kwa unyayo.

Nilitoka mbio. Mume wangu sikumwambia, ningeanzia wapi? Soli zikachongwa.

Siku mwanamke yule alipokuja kuzichukua, kifundo changu kilianza kuuma. Kufika usiku nachechemea.

"Mke wa fundi!" mume wangu akacheka. "Utanifukuzia wateja."

Jana jioni nilikuwa jikoni, mguu juu ya kigoda, yeye amejilaza sebuleni. Nikasikia hatua uani. Nyepesi, za haraka, kandambili zikigonga visigino.

Pa... pa... pa...

Hatua zangu.

"Umerudi, mke wangu?" akaita kwa furaha. "Ingia, mlango uko wazi."

"Mimi niko huku!" nikapiga kelele. Sauti ilitoka mnong'ono mtupu. Nikainuka, nikajikokota kuelekea sebuleni, nimeshika ukuta.

"Na huyo anayechechemea jikoni ni nani?" nikamsikia akiuliza.

Akajibiwa kwa sauti yangu.

"Si ni yule mteja wako? Mwambie tumefunga."