Mama wa Kuazima

Ijumaa ile Ukunda ilijaa watu hadi barazani kwa Chande, muuza vitambaa, mahali Twaiba alipokuwa na cherehani yake. Mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe la wahudumu wa hoteli, alijipenyeza katikati ya wanunuzi huku amemshika mkono mtoto wa kike.

"Salaam aleikum, fundi. Shati limenichanikia kwapani, na zamu yangu ni saa nane."

"Aleikum salaam. Livue basi."

"Nilivue hapa, mbele za watu?"

"Ukitaka nilishone ukiwa ndani yake, nitakushona na wewe humo humo."

Watu wakacheka, na yule mwanamume, Mbwana, akacheka kuwashinda. Alipokuwa akingoja na fulana tu mwilini, bintiye Mwanasha alikwisha kukaa chini akichagua vipande vya vitambaa. Mama yake alikuwa amefariki siku ile ile aliyomzaa.

Wiki ya pili Mbwana alileta suruali.

"Bwana, suruali hii ni nzima."

"Itoboe, nami nipate sababu ya kukaa."

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda kwa watu wenye haya. Mjomba wake Twaiba alipokea posa, na ndoa ikawekwa baada ya Idi. Mwanasha hakungoja Idi. Alianza kumwita Twaiba mama pasipo kufunzwa na mtu, na Twaiba alikuwa akiitika kwa furaha.

Lakini Mbwana alikuwa na kiu nyingine. Kule Diani, nyuma ya ukuta mweupe, palikuwa na akademi ya watoto wa mameneja na wazungu. Mgeni mmoja wa Kijerumani, mzoefu wa hoteli, alikwisha kukubali kumlipia Mwanasha karo.

"Miaka minane nimewabebea sahani hotelini watoto wa shule ile," Mbwana alisema. "Mtoto wa miaka sita ananiita kwa kidole! Wallahi, mwanangu hataitwa kwa kidole."

"Inshallah. Wanataka nini?"

"Wanataka kumwona mtoto na wazazi wote wawili. Wanawauliza maswali kwa Kizungu."

Twaiba aliishia darasa la saba, Msambweni. Mwezi mzima alikanyaga cherehani huku midomo ikitembea. Mai neimu izi Twaiba. Ai laiki buksi.

"Hicho ni Kizungu, au umemeza sindano?" Mbwana alimtania.

"Nicheke tu. Siku hiyo utajivuna na mimi."

Mbwana akatazama chini. Siku chache baadaye akamwambia, "Usijisumbue, laazizi. Wamebadilisha. Watamwona mtoto peke yake." Twaiba alimwamini, kwani hakuwahi kupewa sababu ya kutomwamini.

Jumamosi ya mahojiano Mwanasha alipitishwa kwa Twaiba kuvalishwa gauni jipya la marinda na utepe wa nywele wa rangi ile ile. Walipokwisha kuondoka, Twaiba akauona utepe uko juu ya cherehani. "Mtoto ataonekana kama hana mtu," akasema. Akajifunga buibui, akashika njia ya Diani kwa miguu, juani.

Langoni palikuwa na bawabu, Jefwa.

"Nimemletea utepe mtoto wa Mbwana."

"Ahaa, yule mdogo? Yumo ndani na baba yake na mama yake. Pita, dada, wako pale kwenye miti."

Twaiba alidhani bawabu amekosea. Akapita. Mbwana alikuwa amevaa koti la kuazima. Kando yake alisimama Everlyn, karani wa mapokezi hotelini, mtu wa bara na mke wa mtu, amevaa suti ya samawati na viatu vya kisigino. Mkono wake ulikuwa begani mwa Mwanasha, na mwalimu mkuu wa Kizungu alikuwa akicheka naye.

Mwanasha akamwona Twaiba. Miguu ikaruka, kisha ikasita. Akamtazama baba yake, akaweka mikono nyuma.

"Gud moning, anti," akasema.

Mwalimu mkuu akauliza huyu ni nani. Mbwana akajibu kwa Kizungu, na Kizungu chenyewe kilikuwa chepesi, Twaiba akakielewa chote. Alisema, huyu ni fundi wetu wa nguo.

Twaiba akamfunga mtoto utepe, akaaga kwa adabu, akatoka.

Jumatatu simu ya dukani ikalia. "Twaiba!" Chande akaita. "Ni yule wa suruali nzima."

"Twaiba, mpenzi, usikate. Everlyn ana mume wake! Amenisaidia tu. Hakuna kitu baina yetu, naapa."

"Najua. Lau ungekuwa naye, ningelia nikanyamaza."

"Basi kosa langu nini? Mtoto amekubaliwa!"

"Alhamdulillahi. Siku ya wazazi ataenda nani?"

Mbwana akaanza kusifu majengo ya shule.

"Mbwana, nimekuuliza."

"Everlyn amesema... kwenda mara moja kwa muhula hakumsumbui. Ni miaka michache, Twaiba. Nyumbani wewe ndiye mama."

"Kumbe umama una zamu, kama hoteli?" Akaweka simu.

Hata hivyo moyo si jiwe. Ijumaa, baada ya sala, Mbwana alifika mwenyewe barazani, amevaa kanzu, macho mekundu. Alimleta Mwanasha.

"Nimekosa. Nipige, nitukane, lakini usiniache. Nitakwenda nawe kule, niwaambie ukweli."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Twaiba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Akainua mkono. "Njoo, mwanangu. Mbona umesimama huko?"

Mtoto hakusogea. Akamvuta baba yake kanzu.

"Baba, hapa nimwite nani?"

Mbwana alifungua kinywa. Lakini kabla ya kujibu aligeuza shingo kidogo, akatazama barabarani kuona nani anapita.

Twaiba akamwona.

Akainuka, akamkumbatia Mwanasha, akambusu kichwani, akamfunga kishikizo cha shingo kilichokuwa kimefunguka. Kisha akamrudisha mkononi mwa baba yake.

"Kesho mjomba wangu atakurudishia posa yako," akasema, akakaa kitako, na gurudumu la cherehani likazunguka.