Mlango Uliohifadhiwa Kesho

Asubuhi ile kompyuta ya Injinia ilimkatalia mlango. Si mlango wa ofisi, ni wa kwenye mchoro. Alifungua ramani ya nyumba ya mteja, na katikati ya skrini kikatokea kijisanduku: mlango huu umehifadhiwa kwa toleo jipya kuliko programu yako.

"Pikseli," aliita, "nani kasasisha programu bila kuniambia?"

Kijana mchoraji waliyempachika jina la Pikseli, kile kidoti kidogo cha skrini, kwa ufupi wake aligeuza kiti. "Dada, mimi hata simu yangu sijaisasisha tangu niinunue. Leo ndiyo niguse programu ya ofisi?"

Walicheka, maana ugonjwa huo waliujua. Ofisi yao ya ramani ilikuwa na maktaba moja ya pamoja kwenye seva: milango, madirisha na ngazi, kila kimoja kimechorwa mara moja tu. Ramani ya nyumba haikubeba mlango wake yenyewe, iliuazima huko. Ukiubadilisha mlango wa maktaba, unabadilika katika kila nyumba uliyowahi kuuweka. Ni raha tupu, mpaka mmoja atumie toleo jipya la programu na wenzake wamebaki na la zamani. Hapo vitu hukataa kufunguka na watu hununiana.

Wakakagua kompyuta zote. Toleo lilikuwa moja, na ndilo la mwisho kutolewa na waliotengeneza programu. Injinia akafungua taarifa za faili. Palipotakiwa jina la aliyehifadhi palikuwa patupu. Tarehe ilikuwa ya kesho.

"Saa ya seva imechanganyikiwa," alisema Pikseli, ila safari hii hakucheka.

Injinia alirudisha nakala ya akiba, mlango ukafunguka, kazi ikaendelea. Mchana kijisanduku kilirudi, na tarehe ilikuwa ya kesho vilevile. Halafu ofisi ikaanza kunuka plasta mbichi, ilhali hapakuwa na fundi yeyote aliyekuwa akijenga karibu.

Jioni, bintiye Kipusa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, alimuuliza huku akivua soksi: "Mama, mbona hukuniambia chumba changu kina chumba kingine ndani?"

Nyumba yao Injinia aliichora mwenyewe, na mlango wa chumba cha mtoto aliutoa maktaba, ule ule. Akaenda kuangalia. Ukuta ulikuwa ukuta. Lakini alipomshika Kipusa mikono akaiona ina vumbi jeupe hadi viwikoni, na harufu ya mchana ule ikampanda puani.

Tangu hapo mtoto alianza kuisha. Kila mlango ulipojihifadhi upya, Kipusa hakuonekana kwa muda, kisha akakutwa amekaa kitandani, mwili wa baridi, macho yako mbali. Hakuomba chakula. Hakuuliza maswali, yeye aliyekuwa akiuliza mpaka watu wanaomba radhi. Daktari alipima kila cha kupimwa, akasema mtoto mzima. Wateja nao walianza kupiga simu. Mmoja alisema mkewe amegoma kulala chumbani. Mwingine alisikia bawaba zikilia ndani ya ukuta mtupu.

"Tuufute," alisema Injinia. "Tuufute kabisa, tuchore mwingine."

Akaufuta. Kwenye ramani zote pakabaki mianya mitupu, na kabla hajavuta pumzi simu yake ililia, jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto akipiga kelele kwamba mlango wa chumba hauna kitasa tena, hauna hata upenyo wa kupitisha kisu, na mtoto yumo ndani anaita mama, lakini sauti yake haitoki chumbani, inatoka mbali, kama mtu aliye chini ya kisima, na kila anapoita inazidi kwenda mbali. Injinia aliandika nywila, akakosea, akaiandika tena. Aliurudisha mlango ule ule alioufuta, na kwenye simu akasikia kitasa kikigeuka na Kipusa akilia. Injinia naye alilia, pale pale mezani, bila aibu.

Pikseli akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hii si kazi ya fundi wa kompyuta. Shangazi yangu ni mganga."

Shangazi mtu alikuja mchana kweupe, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, akalalamikia ngazi za ofisi kwanza. Kipusa alilazwa kwenye kochi la wateja. Mganga aliomba aonyeshwe mlango, akauangalia kwenye skrini muda mrefu, kisha akageuka na kumwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso.

"Wewe uliyemo," alisema taratibu, "nani kakuita?"

Feni ya dari ikasimama. Harufu ya plasta ikawa nzito kiasi cha kuwasha koo. Midomo ya Kipusa ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya mtu aliyekwisha kuchoka kujieleza.

"Sikuitwa. Walichora mlango mmoja wakauweka kila nyumba. Mimi nina mlango mmoja tu wa kuingilia. Sasa niko kwao wote."

"Mwachie mtoto."

"Nimwachie niende wapi?"

Mganga alimvuta Injinia pembeni. "Mwanangu, huyu hakutumwa na mtu. Kakuta pako wazi. Kumfukuza aende bure sina nguvu hiyo, nisikudanganye. Ila nyumba moja ataikubali, akae huko, nyingine zote aziache."

"Nyumba moja yenye watu?"

"Hiyo unaijua wewe."

Injinia alikumbuka ramani moja ya zamani, ya mteja aliyehama kabla hata ya kuchimba msingi. Nyumba ambayo haikujengwa! Karibu acheke. Walichora mlango mpya, wakaubadilisha katika kila ramani, nyumba kwa nyumba, na ule wa zamani wakauacha kwenye ramani ya yule mteja peke yake. Mganga akanong'ona maneno yake. Feni ikaanza kuzunguka. Kipusa alikaa kitako, akamtazama Pikseli.

"Mbona wewe ni mfupi?"

Pikseli alibubujikwa na machozi.

Injinia alimpeleka mtoto kwa bibi yake akapumzike, kwenye nyumba mpya ambayo yeye na ndugu zake walimjengea mama yao. Alirudi kazini akiwa mwepesi, akala vizuri, akalala fofofo. Furaha hiyo haikufika mbali. Alikuwa mezani pake mama yake alipopiga simu.

"Mwanangu, hii nyumba mlinichorea vyumba vingapi?"

"Viwili, mama. Kwani vipi?"

"Basi mbona Kipusa anacheza kwenye cha tatu?"

"Mama, mwite. Mwite atoke sasa hivi!"

"Namwita. Anacheka tu, anasema mwenzake hajamruhusu. Hivi mmepaka plasta lini huku?"

Injinia aligeuka. Pikseli alikuwa amesimama, na uso wake ulisema yote kabla ya mdomo.

"Dada, ulinipa kazi ya nyumba ya mama wakati tumezidiwa. Nilichukua ile ya mteja aliyehama nikabadilisha jina tu. Nakala yake sikuiweka na ramani nyingine, kwa hiyo ina mlango ule wa zamani. Nilisahau, dada, wallahi nilisahau."

Hakuwa na muda wa kumtukana. Kuufuta alikwisha kuona kunaleta nini. Ilibidi ampe yule aliyemo mlango kwingine kwanza, ndipo aufunge huu. Hakumngoja mganga. Alifungua orodha ya wateja, mkono mmoja ukishika simu ambayo mama yake alikuwa akilia ndani yake sasa, akaanza kutafuta nyumba isiyo na mtoto. Wote walikuwa na watoto. Alishuka mpaka chini, akamkuta mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, yule aliyewahi kuja ofisini kuwashukuru na kuwashika mikono mmoja mmoja.

"Dada, usifanye hivyo," Pikseli alinong'ona.

"Una mtoto wako?" alimuuliza. "Basi nyamaza."

Akauweka mlango kwa mwalimu. Akauondoa kwa mama yake. Kwenye simu vikasikika vishindo vya miguu midogo vikikimbia, halafu sauti ya bintiye ikidai maji ya kunywa.

Injinia alikata simu, akafuta uso kwa kiganja. Hakuweza kumtazama Pikseli.

"Akipiga yule mwalimu," alisema, "mwambie nimeacha kazi."

Mwalimu hakupiga siku ile, na hajapiga hadi leo.