Haradali ya Kuta Nne

"Bado," mfamasia alisema. "Siyo yenyewe."

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Mchumba wake, mwanamke fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari wa Kuta, alishusha rola. Zilibaki wiki tatu waoane, na sebule ya nyumba waliyokodi ilikuwa inamtoa jasho. Mfamasia alitaka rangi ya haradali, manjano iliyokolea, tena yenye joto, na alimpa kipande cha plasta ya ukuta kama sampuli. Daktari alikuwa amemweleza kwamba haradali ni rangi ya kigeugeu, asubuhi hupoa, jioni huwaka. Ukuta mmoja ungetosha, tatu zibaki nyeupe. Mwenzake hakutaka kusikia. Kuta zote nne.

Mara ya tano Daktari akaongeza kahawia kidogo sana. Ukuta ulipokauka, mfamasia aliugusa kwa kiganja, akafumba macho. Alisimama hivyo mpaka Daktari akajihisi mgeni mle ndani.

Kesho yake wifi yake, dada wa mfamasia, alileta mapazia. Mlangoni akasimama ghafla.

"Wifi, nani kachagua rangi hii?"

"Kaka yako."

Wifi akajikalisha juu ya ndoo tupu, akaeleza taratibu. Sebule ya marehemu mke wa kaka yake ilikuwa hivi hivi. Aliipaka mwenyewe, mwaka ule ule aliofariki. Kwamba mchumba wake ni mjane, Daktari alijua. Kwamba ile plasta ilibanduliwa kwenye ukuta wa marehemu, hakujua. Jua la jioni liliingia dirishani, kuta zikawaka, na chumba kikawa kana kwamba kuna mtu ameinuka sasa hivi kwenda jikoni.

Mfamasia aliporudi kutoka kazini alimkuta anafungasha brashi.

"Niambie ukweli. Unanioa mimi, au unamrudisha yeye?"

Alitafuta pa kutazama. Kila upande ulikuwa ukuta.

"Sura yake inanipotea," alisema hatimaye. "Nikiiona rangi hii, inarudi."

"Na mimi humu ningekuwa nani?"

Daktari akaondoka, na njiani akamtumia ujumbe: "Sina ugomvi na marehemu. Ila siwezi kuwa mpangaji nyumbani kwake. Harusi isubiri."

Siku kumi na moja, kimya. Ya kumi na mbili, mfamasia alipiga simu. Alikiri kwamba tangu mazishi, miaka mitano, hajakanyaga kaburini. Aliogopa akienda itakuwa kweli. Sasa anataka kwenda, na peke yake hawezi.

Daktari alipiga moyo konde, akaenda naye. Magugu yalikuwa yamelifunika kaburi. Wakayang'oa kwa mikono. Kisha mfamasia akapiga magoti, akalia kilio ulichokidai moyo wake miaka yote ile. Alipotulia, alimshika Daktari mkono.

"Nimekuja kukuaga," alimwambia aliyelala pale. "Huyu ndiye ninayemuoa."

Walioana miezi miwili baadaye, wakahamia nyumba nyingine. Ile ya haradali ilipata mpangaji mpya, akasifu sana sebule yake.

Mpaka leo, mara moja moja, mume hunyamaza katikati ya maneno, macho yakaenda mbali. Daktari hamuulizi kitu. Humsogezea chai, akangoja, mpaka arudi.